Usiniambie Kitabu Kina Mafunzo

Ukimuuliza msomaji wa Kitanzania riwaya aliyoimaliza jana ilikuwaje, mara nyingi atakujibu kwamba ni nzuri na kwamba ina mafunzo. Jibu hilo nalisikia mara kwa mara hapa Mbeya, tena kutoka kwa watu ninaowaheshimu na ambao najua wamesoma kwa makini, na kila ninapolisikia nasikitika, kwa sababu najua wana mengi zaidi ya kusema. Mtu aliyekesha na kitabu mpaka jogoo la kwanza hakukeshwa na mafunzo. Yupo mhusika aliyemkasirisha, upo mlango uliogongwa mwishoni mwa sura naye akashindwa kulala kabla ya kujua nani anabisha hodi, yupo baba ndani ya kitabu aliyemkumbusha baba yake mwenyewe. Hayo ndiyo ninayotaka aniambie, kwa kuwa ndiyo yatakayonisaidia kuamua kama kitabu hicho nikitafute au niendelee na changu.

Ninaendesha duka dogo la steshenari si mbali na Kabwe, na nyuma ya mashine ya kutolea kopi ipo rafu ya riwaya zangu ambazo huwaazimisha watu ninaowafahamu. Wanaoazima ni wa kila namna: mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mama anayeuza mitumba Mwanjelwa, wauguzi wawili wanaopokezana zamu na vitabu, mzee aliyefanya kazi katika reli ya TAZARA, kijana wa bodaboda anayesoma akisubiri abiria. Dada yangu anayeishi Mafinga hufanya vivyo hivyo kwa majirani zake, na vitabu vyetu husafiri kati ya miji hii miwili kwa basi, vikiwa ndani ya bahasha ya kaki iliyoandikwa namba ya simu ya mpokeaji na kukabidhiwa konda. Maduka ya vitabu ya huku kwetu huishi kwa vitabu vya kiada, na riwaya mpya mara nyingi inabidi kuiagiza Dar es Salaam. Maktaba za mkoa, ya Mbeya na ya Iringa, zinasaidia, nami huwaelekeza watu huko bila kuchoka, lakini anayetaka kitabu fulani, wiki hii hii, kwa kawaida hukipata mkononi mwa mtu.

Ndiyo maana kupendekeza kitabu huku si jambo jepesi. Nakala ikienda Mafinga inaweza kukaa huko msimu mzima, na aliyeingoja kwa hamu kisha akaikuta haimfai amepoteza zamu yake, huku mwingine ambaye ingemfaa amekaa bila kitu. Anayeazimisha kitabu anatoa pia ahadi, kwamba ninakujua kiasi, ninakijua kitabu hiki kiasi, na nadhani mtapatana. Neno “kizuri” halitoshi kubeba ahadi hiyo. Kizuri kwa nani, na anayepitia nini?

Nimejiuliza sana mazoea haya ya kusifu mafunzo yametoka wapi, na sina shaka kwamba yametoka darasani. Tumefundishwa riwaya kwa ajili ya mtihani: dhamira kuu, dhamira ndogo ndogo, migogoro, ujumbe, falsafa ya mwandishi, msimamo wake, kufaulu kwake na kutofaulu kwake. Sina ugomvi na walimu, kwani mtihani una matakwa yake na wao hawakuyatunga. Lakini msimu wa mitihani unapokaribia, wanafunzi wa kidato cha nne hujaa dukani kwangu kuchapa uchambuzi wa Takadini na Watoto wa Mama N'tilie, kurasa chache zilizobanwa kwa pini, na wengi wao hawajawahi kuzishika riwaya zenyewe. Mwanafunzi anaweza kukutajia migogoro yote ya kitabu ambacho hajakisoma hata ukurasa mmoja. Akimaliza shule, namna hiyo ya kuzungumza ndiyo pekee aliyo nayo, na hata akija kupenda riwaya akiwa mtu mzima, ataisifu kwa maneno ya karatasi ya mtihani.

Binti mmoja wa kidato cha tatu alikuja kuchapa uchambuzi wa Takadini, nami nikamwomba achukue kitabu chenyewe kwanza, arudi kuchapa baadaye kama bado anahitaji. Ben Hanson alikiandika kwa Kiingereza na tunacho katika Kiswahili, na kisa chake ni cha mama aitwaye Sekai, aliyekaa katika ndoa miaka mingi bila mtoto, akajaliwa wa kiume mwenye ualbino, na mila za kijiji zikataka mtoto huyo auawe. Sekai anamfunga mwanawe mgongoni na kutoroka. Binti aliporudi hakuzungumzia dhamira. Aliniuliza kama Sekai alijua njia, alikula nini, na kwa nini hakuna hata mmoja kati ya waliompenda pale kijijini aliyemsindikiza. Kisha akasema kwamba swali la mwisho limemuuma kuliko yote, maana anamfahamu jirani aliyeondoka kwake hivyo hivyo, watu wakichungulia madirishani. Ukiniuliza leo kwa nini mtu mzima asome kitabu ambacho amezoea kukiona mikononi mwa wanafunzi, nitakurudishia maswali ya binti huyo.

Wala haimaanishi kwamba kila mtu aseme lolote linalomjia. Maoni yenye manufaa hushikamana na kitabu. Yanataja tukio, yanataja mhusika kwa jina, yanaonyesha mahali msomaji alipogeuza mawazo. Mfano bora ninaoufahamu ni ubishi uliozuka dukani kuhusu Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, riwaya iliyotoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku shuleni kwa muda, na ambayo mpaka leo haikai rafuni hata siku mbili. Mama wa Mwanjelwa alikuwa ameimaliza usiku uliotangulia. Alisema bila kuzunguka kwamba Zakaria ndiye aliyemuua Rosa: baba mlevi ambaye hamtunzi mkewe wala binti zake, lakini anapata nguvu za kumpiga binti kwa sababu ya barua ya kijana Charles. Mtoto aliyelindwa kwa fimbo, alisema mama, akifika mahali ambapo hakuna fimbo hajui ajilinde kwa kitu gani.

Muuguzi mmoja, ambaye ni mdogo kwake kwa umri, alimjibu kwa adabu, “Samahani mama, mimi sikubali.” Hoja yake ilikuwa kwamba tukimtwika Zakaria kila kitu tunamfanya Rosa mtoto mchanga, ilhali kitabu kinamwonyesha akifikiri, akichagua, akijua anachofanya. Akawakumbuka wadogo zake Rosa, waliolelewa chini ya paa lile lile, na kuuliza kama nao hatima yao ilikuwa lazima iwe ile. Mwalimu mstaafu, aliyekuwa amekuja kutoa kopi ya hati yake ya kiwanja, aliweka hati chini na kuingia kati. Yeye alimlaumu mwandishi: kwamba wanaume waliomharibu Rosa wengi wao wanaondoka kitabuni salama, na anayelipa kwa uhai ni msichana. Mama akamwambia, “Mwalimu, hivyo ndivyo ilivyo hata huku nje.” Mwalimu akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba kuwa hivyo huku nje hakumzuii mwandishi kuuliza kwa nini.

Nilisimama nikiwasikiliza huku mteja wa kopi akinisubiri, wala mteja mwenyewe hakulalamika. Alipoondoka aliondoka na jina la kitabu kwenye kipande cha karatasi. Kezilahabi mwenyewe hakuukata ubishi huo, kwani sehemu ya mwisho ya riwaya inaupeleka mbele ya hukumu ya Mungu, na wasomaji wanaendelea kushindana hata juu ya hukumu hiyo. Nadhani mpita njia yule alishawishika kwa sababu hakuna aliyekuwa akimshawishi. Aliona watu watatu wenye heshima zao wakigombana juu ya msichana wa Ukerewe asiyekuwepo duniani, akataka kumjua.

Nije sasa kwenye riwaya pendwa, yaani zile za kusisimua kama za upelelezi, maana hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wasomi wetu. Desturi ya kugawa riwaya za Kiswahili kuwa dhati, zinazohesabiwa kuwa nzito, na pendwa ina kazi yake chuoni, lakini imewafanya wasomaji wengi waone aibu. Wapo watu wazima wanaoniomba riwaya za Elvis Musiba au Ben Mtobwa kwa sauti ya chini, kana kwamba wananunua kitu cha magendo. Yule mzee wa TAZARA haoni aibu, na amenieleza sababu ambayo sijaisoma katika uchambuzi wowote. Reli ile ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyokamilika mwaka 1975, ilijengwa kwa msaada wa China ili Zambia ipate njia ya baharini isiyopita kwa walowezi wa Rhodesia wala kwa Makaburu. Kwa aliyefanya kazi kwenye reli hiyo, riwaya za Musiba kuhusu mpelelezi Willy Gamba, zilizoanza na Kufa na Kupona mwaka 1974, hazikuwa mchezo wa bastola tu. Zilizungumzia maadui ambao yeye na wenzake waliamini kwamba wangeweza kutokea darajani usiku wowote. Anasema alisoma kwa hofu halisi, na kwamba Willy Gamba aliposhinda alipata usingizi.

Mtu akinipa maelezo ya namna hiyo ninaelewa kitabu kilifanya kazi gani na kwa nani, na ninaweza kukikabidhi kwa mwingine kwa uaminifu. Uaminifu huo unataka pia niseme kasoro zake. Wanawake katika riwaya za Musiba mara nyingi ni wazuri kupindukia na hawapewi nafasi ya kuwa kitu kingine, na msomaji wa kike wa leo ana haki ya kuambiwa hivyo kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Kwa Mtobwa huwa natamka kwamba Nuru, anayefuatana na mpelelezi wake Joram Kiango, ana akili na ujasiri wake, na kwamba mandhari ya miji anayoiandika Mtobwa ina harufu na jasho. Kama unanitaka nichague mmoja kati ya wawili hao kwa ajili ya safari ya treni, nachagua Mtobwa bila kusita.

Ipo nakala moja ya riwaya ya upelelezi katika mzunguko wetu ambayo imekosa jalada la mbele na kurasa za mwishoni. Mgongo wake umeshikwa kwa solotepu iliyogeuka rangi ya chai, na pembezoni mwa kurasa kuna maandishi ya kalamu za rangi tofauti, mmoja amepiga mstari chini ya jina la mhusika na kuandika “huyu msimwamini,” mwingine chini yake akajibu “tulia usome.” Kwa kuwa mwisho haupo, kila anayeiazimisha humsimulia anayefuata jinsi ilivyoisha. Dada yangu aliwahi kukutana Makambako na msomaji aliyekuwa na mwisho tofauti kabisa na wetu, na walibishana mpaka basi likapiga honi. Ningeweza kutafuta nakala kamili na kuimaliza kesi hiyo. Kwa sasa sijaona haraka, kwa sababu kila msomaji wa nakala hiyo amelazimika kuieleza kwa mwenzake kwa kinywa chake, akipanga nani alifanya nini na kwa nini, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuishia kwenye “ina mafunzo.”

Kuhusu kusimulia mwisho wa kitabu kwa mtu ambaye hajakisoma, msimamo wangu ni wa aina mbili. Ukimpa mtu Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyotoka mwaka 1960, mweleze juu ya mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, mweleze juu ya rafiki yake Najum, msifie Kiswahili kile cha Unguja kilichonyooka, lakini aliyemuua Bwana Ali usimtaje hata ukibembelezwa. Lakini ziko riwaya ambazo kunyamaza ni kumkosea mtu. Rosa anajiua. Kazimoto wa Kichwamaji naye anajiua, na kitabu hicho kimejaa kukata tamaa ambako Kezilahabi anakuandika kwa ufundi mkubwa mno. Siwezi kumkabidhi mtu aliyetoka msibani, au kijana ninayemwona amejikunyata kwa mawazo, pasipo kumwambia wazi kilichomo. Mara nyingine namwomba asubiri, nampa kingine. Nakipenda Kichwamaji kuliko riwaya nyingi nilizonazo, na kwa sababu hiyo hiyo sipendi kifike mahali ambapo kitamuumiza mtu.

Na zipo riwaya ambazo zinamngoja mtu fulani. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ya Aniceti Kitereza, aliyoiandika kwanza kwa Kikerewe na kuimaliza mwaka 1945 kabla ya kuitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ni ndefu, inakwenda taratibu, inaeleza namna ya kupika pombe na namna ya kusalimiana hadi msomaji mwenye haraka anachoka. Huwa siipendekezi kwa mwenye haraka. Nimewahi kuipendekeza kwa mume na mke waliokuwa wakisemwa na ndugu kwa kukosa mtoto, maana ndani yake yumo mwanamume anayemfuata mkewe ukweni baada ya wakwe kumchukua, na wawili hao wanabaki wapenzi wakati ukoo mzima una maneno. Walikaa nayo muda mrefu. Kitabu kiliporudi hawakutoa maoni mengi, ila mume aliniuliza kama ninayo sehemu inayofuata.

Vivyo hivyo Shida ya Ndyanao Balisidya, ya mwaka 1975, inayohusu vijana wanaotoka kijijini kwenda kutafuta maisha Dar es Salaam na dhiki inayowapokea huko. Ukiwa unatoka Iringa au Njombe, huhitaji kuelezwa kwa nini riwaya hii ni ya kwetu. Kila kijiji huku kina mabinti waliochukuliwa kwenda kufanya kazi za ndani mjini, wengine wakiwa hawajamaliza hata shule ya msingi, na kila familia ina habari yake, njema au mbaya, ya simu iliyopigwa au isiyopigwa. Ninashangaa kwamba kitabu hicho ni cha kutafuta kwa tochi. Nimekiazimisha kwa akina mama wa Mafinga kupitia kwa dada yangu, na mmoja wao, ambaye binti yake alikuwa anafuatwa na mtu wa kutoka mjini mwenye ahadi nzuri, alimsomea binti huyo kwa sauti jioni baada ya jioni kabla ya familia kuamua. Binti hakwenda. Siwezi kusema ni kitabu kilichomzuia, lakini mama anasema kwamba kilimpa maswali ya kumuuliza yule mgeni, kuhusu mshahara, kuhusu mahali pa kulala, kuhusu simu, na mgeni hakuwa na majibu.

Katika safu hiyo hiyo ningependa vizungumzwe zaidi vitabu vya waandishi ambao majina yao yanatuhusu. Mirathi ya Hatari ya Claude Mung'ong'o, ya mwaka 1977, inamhusu kijana anayerithishwa uchawi na baba yake, na mtu wa Njombe hahitaji kuulizwa jina hilo la ukoo ni la wapi. Martha Mvungi alikusanya hadithi za Wahehe na Wabena na akatuachia pia riwaya, Hana Hatia, mwaka 1975. Vijana wengi wanaokuja dukani hawajawahi kuyasikia majina haya mawili, ilhali ya waandishi wa Marekani wanayajua. Sioni ubaya kuwajua wa Marekani. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyewahi kumshika mkono kijana huyo na kumwambia, hiki kinaanzia mlimani kwenu, anza nacho.

Shaaban Robert nitamgusa kwa ufupi, kwa kuwa najua nitapingwa. Kusadikika, ya mwaka 1951, sikipendekezi kama kitabu cha kwanza kwa mtu anayetafuta kisa cha kumvuta. Wahusika wake wamebeba sifa zao katika majina, na hotuba ya Karama mbele ya baraza ni ndefu. Lakini mletee mtu aliyedhulumiwa haki yake na kunyimwa nafasi ya kujitetea, na atakisoma akiwa amesimama. Watu wengi hukisifu kwa sababu wanaona ni wajibu kukisifu, na sifa za wajibu zimekifanyia kitabu hiki ubaya mwingi kuliko lawama.

Ubishi tulio nao sasa ni juu ya Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Baada ya Gurnah kupewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2021, wengi walitaka kumsoma, na tafsiri ilipotoka niliagiza nakala. Mwalimu mstaafu aliisoma kwa siku chache na kurudi akiwa hajaridhika. Anasema Yusuf, mtoto aliyetolewa na wazazi wake kwa tajiri Aziz ili kulipia deni, ni kijana anayetazama tu, anayebebwa na safari za wengine kuanzia mwanzo hadi karibu na mwisho, na kwamba riwaya ya Kiswahili aliyoizoea ina mhusika anayesimama na kutenda, kama Rashidi wa Kuli ya Shafi Adam Shafi anayeingia katika mapambano ya wafanyakazi wa bandari. Mimi nasema kwamba mtoto aliyewekwa rehani ana nafasi gani ya kutenda, na kwamba kutazama kwake ndiko kunakotuonyesha misafara ile, bustani ile, na Wajerumani wanaokaribia, kwa namna ambayo shujaa mwenye shughuli zake asingeweza. Mwalimu hajakubali. Ameniambia kwamba nimeisahau Kuli, kwamba ninaikumbuka kama kitabu cha mgomo wa mwaka 1948 tu ilhali humo Rashidi naye anaanza kwa kutazama, na kama ni kweli basi hoja yake mwenyewe inahitaji marekebisho. Tumekubaliana kwamba yeye arudie nusu ya pili ya Peponi, nami nirudie Kuli kuanzia ukurasa wa kwanza, na Jumamosi akija kulipia kopi zake tuendelee tulipoachia.